Joto la Ghafla, Usingizi Kukatika, Hedhi Kuyumba: Jinsi ya Kutafuta Sababu Nyingine Kabla ya Kusema Ni Kukoma Hedhi

Mwanamke wa miaka 43 anaanza kuamka usiku akiwa ameloa jasho. Hedhi inaruka mwezi, ikija inakuja kwa fujo. Amechoka, anasahau, moyo unamwenda mbio. Anaambiwa "homoni zimevurugika", anakwenda maabara kulipia kifurushi kizima cha vipimo vya homoni, majibu yanarudi ya kawaida, na anaishia kununua vidonge vya kuweka sawa homoni kwa mtu wa mtandaoni. HB, yaani kiwango cha damu, hajapima. Sukari hajapima. Makohozi hakuna aliyeyauliza.

Tatizo liko kwenye mpangilio. Katika miaka ya kuelekea kukoma hedhi, homoni za FSH (ile ya ubongoni inayoamsha mifuko ya mayai) na estrojeni hupanda na kushuka wiki kwa wiki. Majibu ya leo yanaweza kuwa juu, ya mwezi ujao yakawa kawaida, na yote mawili yakawa sahihi. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 45, hali hii hutambuliwa kwa umri, mwenendo wa hedhi na dalili, baada ya kuondoa magonjwa mengine yanayofanana nayo. Kipimo cha homoni huja mwishoni, na wengi hawakihitaji kabisa.

Fuata hatua kwa mpangilio ulioandikwa.

Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu, vikae kando ya kitanda
- Kipimajoto cha dijitali cha kwapani
- Saa yenye mshale wa sekunde, au simu
- Kipimo cha mimba cha mkojo
- Mzani, hata wa duka la dawa, mradi uwe ule ule kila mara
- Mfuko wenye kila unachomeza, unachopaka na unachochomwa: dawa za hospitali, mitishamba, virutubisho, krimu, kadi ya uzazi wa mpango
- Majibu ya zamani na kadi za kliniki

Mashine ya presha ukiwa nayo ni vizuri. Kama huna, zahanati watakupima.

## Hatua ya 1: Ondoa yasiyosubiri

Kabla ya daftari na mambo mengine, jikague kwa orodha hii. Ukikuta hata moja, nenda hospitali leo:

- Maumivu au kubanwa kifua, hasa yakiambatana na jasho la baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi. Kwa wanawake mshtuko wa moyo unaweza kuja kimyakimya, bila yale maumivu makali ya kushika kifua.
- Damu inayolowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili au zaidi, au kutoka damu huku unaona kizunguzungu.
- Hedhi imechelewa na una maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini. Huenda ni mimba iliyotunga nje ya kizazi.
- Mawazo ya kujidhuru.

Haya mengine hayahitaji kukimbia usiku, ila yasipite wiki hii: damu kutoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, damu baada ya tendo la ndoa, uvimbe kwenye titi, shingo au kwapa, kupungua uzito bila kutaka, na tumbo linalojaa gesi na kukaza kila siku kwa wiki kadhaa. Hilo la tumbo hupuuzwa sana. Saratani ya mifuko ya mayai inaweza kuanza hivyo, na wengi hupewa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi.

## Hatua ya 2: Daftari la wiki nne

Daktari ana dakika chache za kukaa na wewe. Ukimwambia "nasikia joto," hana pa kushika. Ukimwonyesha daftari, ana pa kuanzia.

Kila joto likipanda, andika mambo matano: saa, lilidumu dakika ngapi, lilianzia wapi mwilini, kipimajoto kimesoma ngapi, na mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Andika pia ulikuwa umekula au kumeza nini saa mbili kabla. Uzito upime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai.

Tuseme umeamka saa tisa usiku umeloa. Usioge kwanza wala kunywa maji ya baridi. Futa jasho kwapani kwa kitambaa kikavu, kwa sababu jasho hupooza ngozi na kipimajoto kitasoma chini. Weka kipimajoto, bana mkono hadi kilie. Kikisoma 37.5 au zaidi kwapani, hiyo ni homa. Kukoma hedhi hakuleti homa.

Joto la kukoma hedhi lina sura yake. Huanza kifuani, hupanda shingoni na usoni, hudumu dakika 1 hadi 5, jasho linatoka, kisha unasikia baridi kidogo na mambo yanaisha. Jasho la kifua kikuu au maambukizi mengine hulowesha shuka, hurudi usiku baada ya usiku, na mchana mwili unabaki mzito bila hamu ya kula.

Angalia pia kilichokuamsha kwanza. Kama ni jasho, na ukaenda chooni kwa kuwa tayari uko macho, ni tofauti na aliyeamshwa na mkojo mara tatu kwa usiku akiwa na kiu. Huyo wa pili apime sukari kesho yake.

Kosa la kawaida: kuandika dalili usiku wa mateso tu. Andika na siku nzuri, la sivyo mpangilio hauonekani.

Umefanikiwa ukiwa na wiki nne zenye tarehe za hedhi, idadi ya pedi kwa siku, angalau vipimo vitano vya joto la mwili vilivyochukuliwa dalili ikiwa imepanda, na uzito mara nne. Lakini kama kipimajoto kimesoma homa, au una kikohozi, usisubiri wiki nne ziishe. Ruka hadi hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Pima mimba

Ndiyo, hata ukiwa na miaka 47. Hedhi kuruka, matiti kuuma, uchovu na kukasirika ovyo ni dalili za mimba changa vilevile. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Mstari mmoja tu ukitokea, rudia baada ya siku 7.

Hadi ijulikane kwamba hedhi imekoma kweli, uzazi wa mpango unaendelea: kwa aliye chini ya miaka 50, miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho, aliyevuka 50, mwaka 1.

## Hatua ya 4: Mwaga mfuko wa dawa mezani

Hapa ndipo majibu mengi hupatikana bila hata sindano. Panga kila kitu, soma boksi, andika jina na siku ulipoanza. Kisha linganisha na siku dalili zilipoanza.

Uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu hukatisha hedhi kwa wengi, na baada ya kuacha hedhi inaweza kuchelewa hata mwaka. Kijiti huleta matone ya damu yasiyo na mpangilio. Kitanzi cha shaba huongeza damu, kile cha homoni huipunguza hadi kuikata. Mwanamke aliyeko kwenye njia hizi hawezi kutumia hedhi peke yake kujua alipofika.

Dawa za presha. Amlodipine na nifedipine hufungua mishipa ya damu. Uso unawaka, moyo unadunda, vifundo vya miguu vinavimba. Kama joto lilianza wiki chache baada ya kupewa dawa hizi, mwambie daktari abadilishe.

Dawa za sukari. Glibenclamide na insulini zinaweza kushusha sukari usiku: jasho, kutetemeka, njaa kali, ndoto mbaya. Pima kidoleni wakati ule ule dalili zipo. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, kunywa maji yenye vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, kisha kula. Asubuhi nenda kliniki dozi ipangwe upya.

Dawa za sonona, kama fluoxetine, huleta jasho. Dolutegravir kwa wanaotumia ARV (dawa za VVU) inaweza kukata usingizi. Uliza CTC, yaani kliniki yako ya VVU, kama unaweza kuhamishia dozi asubuhi.

Mkorogo na krimu za kung'arisha. Soma boksi kwa makini, hata lile la herufi ndogo. Ukiona clobetasol au betamethasone, hizo ni steroidi kali; zikipakwa mwili mzima kwa miezi zinaingia kwenye damu, hedhi inavurugika, uso unajaa, presha na sukari zinapanda. Ukiona mercury, hiyo ni zebaki: hukosesha usingizi, hutetemesha mikono, huharibu kumbukumbu na figo. Krimu ya kuchanganyiwa dukani isiyo na lebo ichukulie kuwa ina vyote hivyo. Wanawake wengi huficha jambo hili mbele ya daktari, na kufanya hivyo kunapoteza mwaka mzima wa kutafuta.

Unga wa maumivu ya viungo. Dawa ya mitishamba inayomaliza maumivu ya magoti ndani ya siku moja itilie shaka, kwa sababu nyingine huchanganywa steroidi.

Weka kwenye hesabu pia miraa, pombe, kahawa ya jioni na vinywaji vya kuongeza nguvu.

Onyo: usiache dawa ya presha, ya sonona au steroidi ghafla. Mwili uliozoea steroidi kwa miezi huacha kutengeneza zake. Ukikata kwa mara moja unaweza kuanguka. Daktari hupunguza kidogo kidogo.

## Hatua ya 5: Homa na jasho la usiku

Kifua kikuu. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, jasho la usiku, kukonda. Moja ikiwepo, peleka makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert. Tanzania na Kenya kipimo na matibabu ni bure kwenye vituo vya serikali. Kohozi linatakiwa kutoka ndani ya kifua, asubuhi, baada ya kusukutua kwa maji matupu. Mate hayana maana, na ni sababu kubwa ya majibu hasi ya uongo. Kifua kikuu kinaweza pia kushika kizazi na kukata hedhi bila kikohozi chochote.

VVU. Pima, hata kama umeolewa miaka 20. Jasho la usiku, kukonda na hedhi kuyumba vyote vinaweza kutoka hapo.

Malaria. Kipimo cha haraka kinatosha. Kikiwa hasi, usinywe dawa ya malaria "kwa kujihami".

Bruselosi, ugonjwa unaofanya mifugo kutupa mimba. Huu ndio unaofanana na kukoma hedhi kuliko mengi: jasho la usiku, viungo na kiuno kuuma, uchovu, huzuni, na homa inayokuja na kuondoka kwa wiki. Jiulize kama unakunywa maziwa mabichi au mtindi wa maziwa yasiyochemshwa, au kama umezalisha ng'ombe au mbuzi kwa mikono mitupu. Vipimo vya haraka vya bruselosi vinavyotumika kwenye maabara ndogo hutoa "chanya" nyingi za uongo, kama kipimo cha Widal cha taifodi. Omba kipimo cha Rose Bengal na kingine cha kuthibitisha kabla ya kumeza dawa, kwa kuwa tiba ni dawa mbili au zaidi kwa wiki 6 hivi, si vidonge vya siku tano.

## Hatua ya 6: Vipimo vinne vya msingi

Mambo manne hukamata sehemu kubwa ya yanayobaki: picha kamili ya damu, sukari, TSH na presha. Dai hivi kabla ya homoni yoyote.

Picha kamili ya damu (Tanzania huandikwa FBP, Kenya FHG). Usiridhike na kuambiwa "damu ipo". Chukua karatasi, tafuta mstari wa Hb. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 g/dL ni upungufu. Chini ya 8 ni upungufu mkali. Shuka hadi mstari wa MCV, ambao ni ukubwa wa chembe nyekundu. Tuseme Hb ni 9.4 na MCV ni 68. MCV chini ya 80 maana yake chembe ni ndogo, na kwa mwanamke mwenye hedhi nzito sababu ya kwanza ya kufikiria ni upungufu wa madini ya chuma. Hapo una maelezo ya uchovu, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, kukosa pumzi, kusahau, nywele kukatika na miguu isiyotulia kitandani. Ferritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ikiwa chini ya 15 inathibitisha. Ikiwa juu kidogo haikatai, kwa sababu maambukizi yoyote huipandisha.

Vidonge vya chuma vimezwe tumbo likiwa tupu, mbali na chai na maziwa angalau kwa saa moja kabla na mbili baada. Chai ya rangi ya asubuhi ndiyo inayowaangusha wengi. Hb inatakiwa kupanda karibu 2 g/dL ndani ya wiki 3 hadi 4. Isipopanda, ama hazimezwi vizuri, ama damu inaendelea kupotea, ama sababu si chuma. Hb ikirudi kawaida endelea miezi 3 zaidi kujaza akiba. Na usiishie hapo: chuma kimekwenda wapi? Jibu liko hatua ya 7.

Sukari. Baada ya kufunga saa 8, 7.0 mmol/L au zaidi ni kisukari, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili. HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi) ya 6.5% au zaidi pia, lakini upungufu wa chuma huipandisha kwa uongo, na seli mundu huivuruga. Kwa hiyo ukiwa na Hb ya chini, amini sukari ya kufunga. Kuwashwa ukeni na fangasi zinazorudi kila mwezi mara nyingi ni sukari, wala si ukavu wa umri.

TSH, kipimo cha tezi ya shingo. Maabara nyingi kawaida yake ni kama 0.4 hadi 4.0 mIU/L. Ikiwa chini, tezi huenda inafanya kazi kupita kiasi: joto muda wote, kukonda huku unakula, mikono inatetemeka. Nyoosha mikono mbele, tandaza karatasi juu ya vidole. Ikichezacheza, mwonyeshe daktari. Mapigo husaidia kutofautisha: ya kukoma hedhi hupanda kwa vipindi na kutulia, ya tezi hubaki juu, 90 au 100, hata umelala. Ikiwa TSH ni juu, tezi imelegea: baridi, choo kigumu, uzito, ngozi kavu, hedhi nzito.

Virutubisho vya nywele na kucha vyenye biotini huvuruga kipimo hiki na kukuonyesha tezi inayokimbia wakati iko sawa. Viache siku 2 au zaidi kabla ya kutoa damu.

Presha. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, pima mara mbili. 140/90 au zaidi kwa siku tofauti ni presha. Ikiwa inapanda sana kwa vipindi pamoja na kichwa kuuma, jasho na moyo kudunda, kisha inashuka, mtajie daktari hivyo hivyo. Kuna uvimbe adimu wa tezi za juu ya figo unaofanya hivyo.

## Hatua ya 7: Damu isiyoeleweka

Kuyumba kwa hedhi kunaruhusiwa katika umri huu. Kumwagika damu hakuruhusiwi kupita bila kuchunguzwa. Nzito ni ile inayozidi siku 7, inayotoa mabonge, inayokulazimu kubadili pedi kila saa au mbili, au kuamka usiku kubadili.

Omba ultrasaundi ya nyonga, ikiwezekana ya kupitia ukeni, ambayo huona vizuri zaidi unene wa ukuta wa kizazi, faibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani) na mifuko ya mayai. Omba pia mlango wa kizazi uchunguzwe. Vituo vingi hupaka siki na kuangalia kama sehemu inageuka nyeupe. Ni dakika chache. Uchunguzi wa siki ukisoma hasi na bado unatoka damu baada ya tendo, usikubali kurudishwa nyumbani, dai kuonwa na daktari wa wanawake.

Kosa la kawaida: kuonyeshwa faibroidi ndogo na kuishia hapo. Faibroidi ni za kawaida sana, na ya sentimita 2 iliyo nje ya ukuta wa kizazi haielezi damu nyingi wala haielezi jasho la usiku.

Jambo moja zaidi: kama hedhi haikurudi tangu ulipojifungua na kupoteza damu nyingi, maziwa hayakutoka, na umechoka tangu hapo, sema. Tezi ya ubongoni iliyokosa damu siku ile inaweza kuwa imekufa, na ina tiba.

## Hatua ya 8: Usingizi, moyo na viungo

Kwa wiki 2 zilizopita, siku nyingi umekuwa na huzuni, au umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Ukijibu ndiyo kwa moja, omba kupimwa sonona. Inaweza kuwepo peke yake au pamoja na kukoma hedhi, zote hutibiwa.

Muulize unayelala naye kama unakoroma na kukata pumzi. Viungo vya vidole vikikakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa na kuvimba, fikiria baridi yabisi. Maziwa yakitoka na hunyonyeshi, omba kipimo cha prolaktini, homoni ya maziwa, na taja kama unatumia haloperidol, metoclopramide au domperidone.

## Hatua ya 9: Sasa angalia umri

Miaka 45 na zaidi, hedhi imebadilika, yaliyotangulia yako sawa: huhitaji FSH.

Miaka 40 hadi 44: FSH inaweza kusaidia, daktari aamue.

Chini ya miaka 40, hedhi imeyumba au imekata miezi 4 au zaidi: FSH ni lazima. Zaidi ya 25 IU/L inaashiria mifuko ya mayai imechoka mapema. Pakiwa na shaka hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6. Hapa usikubali kuambiwa "ni kawaida". Mifupa na moyo vinahitaji homoni ya kurudishia hadi karibu miaka 50.

Ukiwa kwenye sindano au vidonge vya uzazi wa mpango, FSH inaweza kudanganya. Mwambie daktari kabla ya kulipia.

## Hatua ya 10: Mbele ya daktari

Anza na lililo zito kuliko yote, kwa sentensi moja yenye namba: "Nina miaka 44, natokwa jasho usiku mara nne kwa wiki tangu Machi, joto la mwili ni 36.8, hedhi imekuwa ya siku 9 na pedi 8 kwa siku." Kisha mpe daftari na mfuko. Ukiambiwa ni umri tu, uliza kwa heshima: "Daktari, tumeondoa nini?" na umwombe aandike kwenye cheti.

Vyote vikiwa sawa na hedhi imebadilika, jibu lako ni kipindi cha kuelekea kukoma hedhi, na sasa mazungumzo ya tiba yana msingi. Kikipatikana kitu, kitibiwe, halafu rudia daftari la wiki nne baada ya miezi 3. Dalili zilizopungua zilitoka huko. Zilizobaki huenda ndizo za umri. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na tezi inayokimbia na kukoma hedhi kwa wakati mmoja. Dalili mpya ikija katikati, hasa homa au kukonda, rudi hatua ya 1 bila kusubiri miezi hiyo mitatu.